Pikapu ya Gitaa la Umeme Inaposikika Dhaifu, Nzito au Nyembamba: Jinsi ya Kupata Chanzo

Malalamiko mengi kuhusu pikapu huja kwa njia ya ulinganisho: hii ina nguvu kuliko ile, ile ilikuwa na sauti safi kuliko hii, ya zamani iliuma vizuri na mpya imekuwa butu. Ulinganisho wa namna hiyo ndio unaowafanya watu wang'oe pikapu nzima na kununua nyingine, ilhali sehemu kubwa ya tofauti wanazozisikia hutokana na vitu vinavyoizunguka pikapu, yaani umbali wake kutoka kwenye nyuzi, thamani ya potenshiomita (kinzani kinachobadilika kilicho chini ya kinobu cha sauti au cha toni), urefu wa kebo, na kiwango cha sauti ambacho kila pikapu ilisikilizwa. Mwongozo huu unazipitia dalili moja baada ya nyingine na kutaja chanzo cha kila moja, kwa kuanza na kile kinachotokea mara nyingi na ambacho ni rahisi kukipima. Msimamo wangu ni kwamba pikapu isihukumiwe mpaka vitu hivyo viwe vimesawazishwa, na kwamba bisibisi ndogo pamoja na multimeta ya kawaida hutatua mengi kabla chuma cha kulehemu hakijawashwa.

Ni vyema kukumbuka kwanza namna kifaa chenyewe kinavyofanya kazi. Pikapu ni sumaku pamoja na koili ya waya wa shaba mwembamba sana, uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma unaopita juu ya sumaku hupata usumaku, na unapotikisika hubadilisha mtiririko wa usumaku unaopita ndani ya koili, na mabadiliko hayo ndiyo yanayozalisha volti. Nguvu ya volti hiyo hutegemea idadi ya mizunguko, nguvu ya sumaku, ukaribu wa uzi na ukubwa wa mtikisiko wake. Rangi ya sauti ni jambo jingine, na kwa kiasi kikubwa huamuliwa na indaktansi ya koili (tabia yake ya kupinga mabadiliko ya mkondo) ikishirikiana na kapasitansi ya kebo (uwezo wake wa kuhifadhi chaji) na mzigo wa potenshiomita. Anayeyachanganya mambo haya mawili, nguvu na rangi, atatafuta chanzo mahali ambapo hakipo.

Kabla ya kulinganisha chochote

Nyuzi ziwe mpya, za unene uleule na za aina ileile, kwa kuwa nyuzi zilizochakaa hupoteza sauti za juu kwa kiasi ambacho hakuna pikapu inayoweza kukifidia. Vinobu vyote vya sauti na vya toni vifunguliwe hadi mwisho. Kebo iwe ileile, ingizo la amplifaya liwe lilelile, na pleki igonge mahali palepale, kwa sababu kusogeza mkono sentimita chache kuelekea daraja hubadilisha sauti kuliko pikapu nyingi zinavyotofautiana zenyewe kwa zenyewe.

Kisha pimeni urefu wa pikapu, na kipimo hiki kifanywe kwa utaratibu mmoja kila mara. Bonyeza uzi mnene wa sita kwenye freti ya mwisho kabisa, ushikilie hapo, kisha pima nafasi iliyopo kati ya tumbo la uzi na kichwa cha nguzo ya pikapu (kipande cha chuma au sumaku) iliyo chini yake. Fanya vivyo hivyo kwa uzi mwembamba wa kwanza. Kwa hambaka, yaani pikapu ya koili mbili zinazofuta mvumo, mahali pazuri pa kuanzia ni takriban mm 2.4 kwa pikapu ya shingo na mm 1.6 kwa pikapu ya daraja. Kwa pikapu ya koili moja ambayo nguzo zake ni sumaku zenyewe, anza na mm 2 hadi 2.5 upande wa uzi mnene na pungufu kidogo upande wa uzi mwembamba. Hivi ni vipimo vya kuanzia tu, lakini bila kuviandika huwezi kujua kama unalinganisha pikapu mbili au umbali mbili.

Namba ya ukinzani ni kubwa, lakini sauti ni ndogo

Hii ndiyo dalili inayowachanganya watu kuliko zote, na inastahili kuelezwa kwa kirefu. Pikapu huuzwa zikiwa na namba ya kilo-omu, na wanunuzi huichukua namba hiyo kuwa ndicho kipimo cha nguvu. Kwa kawaida pikapu za koili moja za mtindo wa gitaa la Stratocaster husoma kilo-omu 5.5 hadi 6.5, hambaka za mtindo ule ambao Gibson ilianza kuutumia mwaka 1957 husoma 7.5 hadi 8.5, na hambaka zilizokusudiwa muziki mzito husoma 13 hadi 16. Ukiutazama mfuatano huo ni rahisi kuamini kwamba namba inapanda sambamba na sauti.

Ukweli ni kwamba namba hiyo inapima ukinzani wa waya kwa mkondo mnyoofu, yaani urefu na unene wa waya, na haisemi lolote kuhusu sumaku. Waya wa namba 42 una kipenyo cha takriban mm 0.063, na wa namba 43 takriban mm 0.056. Ukizungusha koili mbili zenye idadi ileile ya mizunguko, moja kwa kila waya, ile ya waya mwembamba itasoma ukinzani mkubwa kwa zaidi ya robo, ingawa volti inayotokana na nyuzi haijaongezeka. Ndiyo maana pikapu ya shingo ya gitaa la Telecaster, ambayo kwa desturi huzungushwa kwa waya wa namba 43, inaweza kusoma namba kubwa kuliko mwenzake wa daraja na bado ikasikika ya upole zaidi. Kwa upande mwingine, Filter'Tron ya Gretsch ni hambaka inayosoma kama kilo-omu 4 tu, na hakuna anayeisikiliza akadhani kuwa ina nusu ya nguvu ya hambaka yenye kilo-omu 8. Namba ya ukinzani ina maana unapolinganisha pikapu za ukoo mmoja, zenye waya uleule, sumaku ileile na umbo lilelile. Nje ya hapo, kazi yake kubwa ni kugundua ubovu.

Na katika kugundua ubovu inasaidia sana. Chomeka kebo kwenye gitaa, fungua kinobu cha sauti hadi mwisho, chagua pikapu moja kwa swichi, kisha pima kati ya ncha na mwili wa plagi ya upande wa pili, ambayo haijachomekwa popote. Kinobu kisipokuwa wazi kabisa, usomaji hauna maana yoyote. Usishangae ukiona namba iliyo chini kidogo ya ile iliyoandikwa na mtengenezaji: potenshiomita ya kilo-omu 500 iko sambamba na koili, na pikapu ya kilo-omu 8.0 itasomeka kama 7.87. Joto nalo lina mchango wake, kwa kuwa ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzijoto moja, hivyo pikapu inayosoma 8.0 kwenye nyuzijoto 20 itasoma karibu 8.3 kwenye nyuzijoto 30. Tofauti za kiasi hicho si ugonjwa.

Ugonjwa huonekana kwenye tofauti kubwa zenye mpangilio. Hambaka iliyoandikwa kilo-omu 16 ikisoma 8, koili moja tu ndiyo inayofanya kazi, ama kwa sababu kuna swichi ya kukata koili iliyobonyezwa, ama kwa sababu waya wa kiungo cha katikati umegusa ethi (waya wa ardhi). Ikisoma 4, koili zake mbili zimeunganishwa sambamba badala ya mfululizo. Katika hali zote mbili sauti itapungua na kuwa na mwanga zaidi, na mwenye gitaa atasema kwamba pikapu kali aliyoinunua haina ukali. Kwenye hambaka zenye nyaya nne hili hutokea mara kwa mara, kwa sababu kila mtengenezaji ana mpangilio wake wa rangi, na anayefuata mchoro wa mtengenezaji mwingine ataunganisha kitu kingine kabisa.

Ukinzani ukiwa sahihi na sauti bado ndogo, tazama urefu wa pikapu kabla ya jambo lolote. Hambaka iliyobadilishwa mara nyingi hukaa chini zaidi kwenye fremu yake kwa sababu springi au skrubu za mpya hazilingani na za zamani. Baada ya hapo ndipo uifikirie sumaku. Sumaku za alniko (aloi ya chuma yenye alumini, nikeli na kobalti) hazipotezi nguvu zenyewe kwa urahisi, ila zikikaa karibu na sumaku nyingine yenye nguvu zaidi zinaweza kudhoofika. Njia rahisi ya kuangalia ni kuishika bisibisi ileile juu ya nguzo za pikapu mbili za aina moja na kuhisi mvuto wake.

Kuna chanzo kimoja zaidi ambacho watu hukisahau. Pikapu yenye nguvu nyingi hulifikisha ingizo la amplifaya kikomoni mapema, na hapo kishindo cha mwanzo wa noti hubanwa. Kwa kuwa koili zenye mizunguko mingi pia huwa na sauti za juu chache, sikio linakosa ule mgongano wa pleki na uzi, na msikilizaji anaita hali hiyo udhaifu. Ukiishusha pikapu hiyo nusu milimita na sauti ikaonekana kukua, chanzo umekipata.

Sauti ni nzito na imefunikwa

Kila pikapu ina eneo la masafa ambalo inaitikia kwa nguvu kuliko kwingine, na juu ya eneo hilo sauti hushuka haraka. Hicho ndicho kilele cha resonansi, na mahali kinapoangukia huchangia sana kuamua kama sikio litaita sauti ing'avu au nzito. Kilele hicho si mali ya pikapu peke yake. Kinatokana na indaktansi ya koili pamoja na kapasitansi ya kila kitu kilichounganishwa nayo, na mchangiaji mkubwa wa kapasitansi ni kebo, ambayo kwa kawaida huongeza takriban pikofaradi 100 kwa kila mita.

Chukua pikapu ya koili moja yenye indaktansi ya henri 2.5 na kapasitansi yake ya ndani ya pikofaradi 100. Kwa kebo ya mita 3 kilele chake huangukia karibu na hezi 5,000. Badilisha kebo iwe ya mita 10 na kilele kinashuka hadi karibu hezi 3,000. Sasa chukua hambaka ya henri 4.5 kwa kebo ile fupi ya mita 3: kilele chake kiko karibu na hezi 3,750. Maana yake ni kwamba pikapu ya koili moja kwenye kebo ndefu inaweza kuwa na kilele cha chini kuliko hambaka kwenye kebo fupi. Watu wawili wanaobishana ni pikapu ipi ina sauti nzito, kila mmoja akiwa na kebo yake, kwa kweli wanabishana kuhusu kebo.

Hivyo basi, gitaa likisikika zito, jaribu kebo fupi kabla ya kufungua chochote. Ukiona tofauti kubwa, tatizo liko kwenye mnyororo wa nyaya, na pedali yenye bafa (saketi inayoilinda ishara dhidi ya mzigo wa kebo) mwanzoni mwa mnyororo huo itarejesha sehemu kubwa ya sauti za juu. Hakikisha vilevile kwamba gitaa limechomekwa kwenye ingizo la ukinzani mkubwa, lile lenye megaomu 1 hivi. Ingizo la kawaida la vifaa vya studio, lenye kama kilo-omu 10 tu, hukizamisha kilele chote na kuipunguza sauti, na rekodi iliyofanywa kupitia ingizo hilo haiwezi kutumika kuihukumu pikapu yoyote.

Kebo ikiwa fupi na sauti bado imefunikwa, fungua gitaa na usome thamani za potenshiomita. Desturi ni kilo-omu 250 kwa pikapu za koili moja na kilo-omu 500 kwa hambaka. Kinobu cha sauti na cha toni viko sambamba mbele ya pikapu, hivyo potenshiomita mbili za 500 huibebesha pikapu mzigo wa kilo-omu 250, na mbili za 250 huibebesha mzigo wa 125. Mzigo mdogo wa omu hukibapaza kilele. Mtu aliyeondoa pikapu za koili moja na kuweka hambaka bila kubadilisha potenshiomita atapata hambaka butu, na kinyume chake, pikapu ya koili moja kwenye potenshiomita za 500 huchoma masikio. Hili ndilo kosa ninaloliona likilaumiwa kwa pikapu kuliko jingine lolote, na huondolewa kwa potenshiomita mbili tu.

Usiiamini namba iliyochapwa mgongoni mwa potenshiomita. Utofauti wa asilimia 20 juu au chini ni wa kawaida, kwa hiyo iliyoandikwa 500 inaweza kuwa 400 halisi. Ipime ikiwa nje ya mzunguko, ukiweka nyaya za multimeta kwenye miguu miwili ya pembeni.

Kapasita ya toni hulaumiwa mno. Iwe ya mikrofaradi 0.022 au 0.047, kinobu cha toni kikiwa wazi hadi mwisho tofauti yake ni ndogo sana, na husikika waziwazi pale tu unapokifunga kinobu. Ikiwa sauti ni nzito hata toni ikiwa wazi, kapasita inashukiwa tu endapo imeunganishwa vibaya ikaikwepa potenshiomita, na hapo kinobu kitakuwa hakibadilishi chochote.

Kifuniko cha chuma nacho huchangia. Kifuniko cha shaba nyeupe hupunguza sauti za juu kidogo, lakini cha shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki huzalisha mikondo ya kuzunguka ndani yake inayokila kilele kwa kiasi kinachosikika. Pikapu mbili zenye namba zilezile, moja ikiwa na kifuniko cha namna hiyo na nyingine ikiwa wazi, hazitasikika sawa.

Mwisho, sauti ikiwa nzito pale tu unapopunguza kinobu cha sauti, pikapu haina hatia. Ukinzani wa potenshiomita unaobaki katikati ya pikapu na kebo hushirikiana na kapasitansi ya kebo kuchuja sauti za juu. Kapasita ndogo ya pikofaradi 680 hadi 1,000 kati ya ingizo na tokeo la kinobu huzirudisha.

Sauti ni nyembamba, kama inatoka puani

Jiulize kwanza: ni nyembamba kwa kila pikapu peke yake, au pale tu mbili zinapotumika pamoja? Jibu hilo hugawanya tatizo katika sehemu mbili zisizohusiana.

Zikiwa nzuri kila moja peke yake, kisha zikapoteza besi na kupungua sauti zinapounganishwa, awamu zao (mwelekeo wa volti zao kwa wakati mmoja) zinapingana: pikapu moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na sauti za chini, ambazo zote mbili huzisikia karibu sawa, hufutana. Kuthibitisha ni rahisi. Weka multimeta kwenye kipimo cha kilo-omu, unganisha waya mwekundu kwenye waya moto wa pikapu ya kwanza na mweusi kwenye ethi yake, lalisha chuma cha bisibisi juu ya nguzo, kisha kivute juu kwa ghafla huku ukitazama namba. Itaruka kidogo kwenda juu au kwenda chini kabla ya kutulia. Rudia kwa pikapu ya pili bila kubadilisha mpangilio wa nyaya. Zikiruka upande mmoja, awamu inakubaliana. Zikiruka pande tofauti, zinapingana. Multimeta ya mshale huonyesha jambo hili waziwazi zaidi kuliko ya namba.

Tiba yake ni kubadilishana nyaya mbili za pikapu mojawapo, lakini kuna tahadhari: kama pikapu ina kifuniko cha chuma kilichounganishwa na waya wa ethi, lazima kiungo hicho kitenganishwe kwanza, la sivyo kifuniko kitakuwa kwenye waya moto na kitavuma kila ukikigusa. Vilevile, pikapu ya katikati kwenye magitaa mengi ya pikapu tatu huzungushwa kinyume na kuwekewa sumaku iliyogeuzwa kwa makusudi, ili ikitumika pamoja na jirani yake mvumo ufutike huku sauti ikibaki. Awamu ya pikapu hiyo iko sawa, na jaribio la bisibisi litaonyesha hivyo.

Ikiwa pikapu moja ni nyembamba hata peke yake, pima ukinzani wake. Usomaji wa kilo-omu 250 au 500, au wa thamani nyingine ya potenshiomita, badala ya ule wa koili, una maana kwamba koili imekatika na unachokipima ni potenshiomita tu. Koili iliyokatika haiwi kimya wakati wote. Sauti kidogo za juu huvuka pengo la waya kwa njia ya kapasitansi, na ndiyo maana watu huidhania kuwa pikapu hai yenye sauti mbaya. Kabla ya kukata tamaa, chunguza mahali waya mwembamba unapoungana na waya mnene wa kutokea. Mkatiko mwingi uko hapo, na wakati mwingine unaweza kulehemiwa.

Hambaka yenye ukinzani sahihi lakini sauti nyembamba mno, tena yenye mvumo mkubwa kuliko inavyopaswa, ina koili zinazopingana ndani yake. Hambaka hufuta mvumo kwa sababu koili zake mbili zimegeuziana mwelekeo wa waya na wa sumaku kwa pamoja, jambo ambalo Seth Lover aliliombea hataza mwaka 1955 akiwa Gibson. Ukiigeuza koili moja tu katika kuunganisha, mpango wote hupinduka: mvumo hujumlishwa na sauti ya nyuzi hufutwa. Badilishana nyaya mbili za koili moja na hali itarudi kuwa sawa.

Pikapu ya shingo inaimeza ya daraja

Hili mara nyingi si kasoro, ni maumbile ya uzi. Uzi hutikisika kwa upana mkubwa zaidi kadiri unavyoelekea katikati yake, na karibu na daraja mtikisiko ni mdogo. Pikapu mbili zinazofanana kabisa kwa kila kipimo zitatoa sauti kubwa upande wa shingo, na ndiyo sababu watengenezaji huizungushia ile ya daraja waya zaidi. Sawazisha kwa kuishusha ya shingo badala ya kuipandisha ya daraja, kwa sababu pikapu ya shingo ikishushwa husafika, na ya daraja ikipandishwa mno hupoteza hewa. Ukinunua seti, hakikisha hujazibadilishana nafasi: zinafanana kwa macho, na multimeta ndiyo itakayokuambia ipi ina waya mwingi.

Uzi mmoja unapiga kelele kuliko mingine

Kwenye pikapu za mtindo wa Stratocaster zenye nguzo za urefu tofauti, uzi wa tatu ndio unaozidi. Mpangilio huo wa mwaka 1954 ulifanywa kwa ajili ya uzi wa tatu uliofungwa waya, ambao hutoa sauti ndogo, hivyo nguzo yake iliwekwa juu. Leo wengi hutumia uzi wa tatu usiofungwa, na nguzo ile ndefu inauongeza uzi ambao tayari una sauti kubwa. Usijaribu kuisukuma nguzo ambayo ni sumaku, kwa kuwa waya wa koili mara nyingi umezungushwa juu yake moja kwa moja na utakatika. Chagua pikapu yenye nguzo za urefu sawa, au inamisha pikapu yote kidogo. Nguzo za skrubu kwenye hambaka na P-90 (aina ya pikapu ya koili moja ya Gibson) unaweza kuzizungusha bila wasiwasi, robo mzunguko kwa wakati mmoja.

Nyuzi nene zote zikiwa dhaifu huku nyembamba zikiwa na nguvu, soma paketi ya nyuzi. Nyuzi zilizofungwa kwa shaba kwa ajili ya gitaa lisilo la umeme hazivutwi vya kutosha na sumaku, kwa kuwa ni kiini chake tu ndicho chuma.

Noti za juu ya shingo zinayumba

Noti inayolia kama mbili zisizokubaliana, hasa kwenye uzi wa sita baada ya freti ya 12, na ambayo haitulii hata gitaa likisawazishwa vipi, husababishwa na sumaku kuuvuta uzi. Ni tatizo la pikapu za koili moja zenye sumaku za alniko 5 zilizo karibu mno, na huonekana kwa wale wanaopandisha pikapu wakitafuta nguvu. Shusha upande wa uzi mnene mpaka kuyumba kukome, kisha fidia sauti kwenye amplifaya. Hambaka, ambazo sumaku yake iko chini na haielekei nyuzi moja kwa moja, huvumilia ukaribu zaidi.

Mvumo na kilio

Mvumo unaopungua ukigusa nyuzi ni wa kawaida kwa gitaa lisilo na kinga ya kutosha ndani. Unaoongezeka ukigusa nyuzi unaashiria nyaya za moto na ethi zilizopishana kwenye jeki. Mvumo wa pikapu ya koili moja unaobadilika ukigeuka mwili mzima na gitaa lako unatoka kwenye transfoma au taa zilizo karibu, na hautaondolewa kwa kulehemu upya.

Kilio kikali cha juu kinachoanza mara unapoongeza gaini, na kisichobadilika hata ukibadilisha noti, ni cha pikapu ambayo koili yake au kifuniko chake kinatikisika. Gonga kifuniko kwa kucha: ukisikia mlio huo kwenye spika kama unagonga maikrofoni, umepata jibu. Dawa yake ni kuichovya katika nta ya moto, lakini kazi hiyo inahitaji joto linalodhibitiwa la takriban nyuzijoto 65, kwani nta ya moto zaidi hukunja plastiki ya koili. Asiye na kipimajoto aipeleke kwa fundi.

Pikapu zenye betri

Sauti inayopasuka kwenye noti kubwa na kufifia taratibu ni betri ya volti 9 inayokwisha. Badilisha betri kabla ya kugusa kingine, na uchomoe kebo kila unapomaliza, kwa sababu betri hubaki imewashwa muda wote plagi ikiwa ndani. Kumbuka pia kwamba pikapu nyingi za aina hii hutumia potenshiomita za kilo-omu 25. Zikiwekewa za 500, kinobu hufanya kazi kama swichi tu.

Kila kipimo kiko sawa, lakini bado hazifanani

Hapa ndipo ulinganisho wa kweli unapoanza. Rekodi kila pikapu moja kwa moja kupitia ingizo la ukinzani mkubwa, bila amplifaya, ukipiga kifungu kilekile chenye kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za nyuzi wazi, noti moja moja na mapigo makali. Kisha panga rekodi zote ziwe na kiwango kimoja cha wastani kabla ya kuzisikiliza. Hatua hii haina mbadala, kwa sababu sikio huiona sauti iliyo kubwa kidogo kuwa ndiyo iliyo bora, iliyo wazi na yenye besi nzuri, hata kama rekodi mbili ni ileile moja. Kiasi ulichopandisha au kushusha ili zilingane ndicho tofauti halisi ya nguvu kati ya pikapu zako, na ni kipimo cha kuaminika kuliko kilo-omu yoyote.

Baada ya hapo mpe mtu mwingine azicheze bila kukuambia ipi ni ipi. Kama tofauti iliyobaki iko kwenye sauti za juu tu, jaribu kwanza potenshiomita na kebo, maana huko unaweza kuisogeza kwa gharama ndogo. Ikiwa iko kwenye kishindo cha mwanzo wa noti, kwenye namna besi inavyoshikamana, au kwenye jinsi koili mbili zinavyolainisha sauti za juu kwa kuusikiliza uzi mahali pawili kwa wakati mmoja, hiyo ni tofauti ya sumaku na ya umbo la koili, na hapo kubadilisha pikapu ni uamuzi halali.